Injini ya Gari la Baba

Palma, 27 Aprili 2025

Kaka yangu Carimo,

Assalamu alaykum. Hiyo ni salamu ya dini. Sasa pokea na salamu yangu mwenyewe, ya mtu ambaye furaha inamnyima usingizi. Mama ni mzima, anakusalimu sana. Bata wake ametotoa chini ya ngazi ya jiko na hataki mtu apite.

Kaka, nimeolewa! Ninajua unajua, kwa kuwa walii wangu ni wewe na ulimpa baba mdogo uwakili kwa simu. Lakini kusikia kwa simu si kuona. Ulisikia kelele tu. Basi nikuambie. Baba mdogo alipoingia chumbani kuniuliza kama ninaridhia kuolewa na Jamaldine, nilinyamaza, kama inavyompasa mwari, nikainamisha kichwa ndani ya mtandio. Mdomo nimeufunga, lakini moyoni, kaka, moyoni nilikuwa ninapiga kelele ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka nikaogopa itasikika barazani. Baba mdogo akasubiri kidogo, akatoka, akawaambia wanaume, "Amenyamaza. Ameridhia." Vigelegele vikaanza.

Jamaldine amehamia kwetu kama ilivyo desturi, na mfuko wa nguo na sanduku la spana. Mama akamtania, "Huyu mkwe kaja kuoa au kaja kufungua garagi?" Akinawa mikono, maji yanatoka meusi, nami hata yale maji meusi ninayapenda. Usinicheke. Mimi ni mtu wa décima segunda, darasa la kumi na mbili zima, nimesoma mashairi ya Kireno darasani, na sijaona shairi linalofanana na mume wangu akirudi kutoka kazini.

Anatengeneza chapa, yale magari ya abiria ya njia ya Olumbi. Akiondoka asubuhi, nyumba inakuwa kubwa. Unakumbuka tulivyokuwa tukigombea mlango wa bafu, sisi sote? Sasa ninaingia nitakapo, ninakaa nitakavyo, hakuna wa kunigongea. Chumba chako ninakifagia kila Ijumaa.

Utauliza kwa nini ninaandika wakati simu ipo. Simu ni ya Mama, na Mama huongea kwa spika, na majirani hukujibu kabla yetu. Judite, yule mama anayevuka mpaka pale Namoto kufuata vitenge Mtwara, amekubali kubeba barua.

Sasa neno lenyewe. Jamaldine ameachiwa boti na mjomba wake marehemu. Ni boti ya mbao, pana, nzima, ila haina mashine. Anataka kubeba watu na mizigo kwenda visiwani. Na gari la Baba limekaa uani vilevile tulivyolikuta tuliporudi kutoka ukimbizini huko Mtwara. Magurudumu hayapo, vioo havipo. Lakini Jamaldine amelala chali chini yake akaitazama injini, bila kugusa hata nati, maana mkwe hafungui kitu cha shemeji yake. Akatoka na vumbi kichwani akasema, "Motor hii bado ina uhai."

Kaka, tunaiomba. Baba hayupo. Mkubwa ni wewe, na neno ni lako.

Mdogo wako mwenye raha kupita kiasi,
Ancha


Mtwara, 18 Mei 2025

Ancha,

Waalaykum salamu. Barua imefika ikinuka kitambaa kipya. Hongera tena. Mwambie Mama nimepata zile dawa za miguu, nitamtumia na Judite. Kaburi la Baba nimelipalilia baada ya mvua. Kuna mtu alikuwa anafunga mbuzi wake pale, nimezungumza naye, tumeelewana.

Kazi ipo. Magari ya huku ni mabovu kama ya huko, tofauti ni kwamba wenyewe hawakubali kuwa ni mabovu.

Mwambie shemeji asilale tena chini ya gari lile bila kuweka mawe. Jeki ya Baba inavuja, na hata akiipandisha vizuri hushuka yenyewe polepole kama mzee anayekaa kitini. Angalia kijiti cha oili. Oili ikiwa nyeusi si neno. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na hapo hakuna mazungumzo tena.

Nimefurahi kwamba unacheka. Kwenye simu huwa sijui kama ni wewe unayecheka au ni jirani.

Mpe bata wa Mama salamu.

Carimo


Palma, 8 Juni 2025

Kaka Carimo,

Iddi imepita salama. Tulichinja pamoja na watu wa baba mdogo, nyama tukagawa, na sahani yako Mama akaitenga kwa mazoea kisha akampa Judite. Judite amesema ilikuwa na chumvi nyingi. Mama anakusalimu, miguu yake inashukuru dawa.

Jamaldine alinishoneshea nguo ya Iddi kwa siri, rangi ya majani ya ndizi machanga. Fundi alipimaje bila mimi? Kumbe mume wangu alimpelekea gauni langu la zamani, akanidanganya limechukuliwa na upepo kambani. Nililitafuta hadi kwa majirani, ninaugombeza upepo! Kaka, kuna wanawake wanaopewa dhahabu. Mimi nimeibiwa gauni, na sibadilishani na yeyote.

Oili ni nyeusi. Nyeusi tii, si maziwa. Jamaldine alichovya kijiti kwa ruhusa yako hiyo ya kijiti tu, akakirudisha, akafunga boneti, akafuta alama za vidole vyake. Hivyo ndivyo anavyokuheshimu wakati hajakuona hata uso. Huniuliza juu yako. "Kaka yako hupenda nini? Hukasirika vipi?" Ninamwambia utamwona, subiri atakaporudi.

Maana hukujibu, kaka. Uliandika juu ya jeki, mbuzi na bata. Juu ya injini hukusema ndiyo wala hapana.

Na Judite ametuambia jambo. Anasema alikupitia akakukuta upande wa Mikindani, umevua shati, unapanga matofali. Nikamwambia atakuwa anajenga banda la kazi. Ni banda la kazi, siyo?

Tujibu upesi. Boti imeshatiwa kalafati upya, imekaa pale ufukweni inatutazama. Jamaldine akirudi kazini hupitia kwanza kwa boti, ndipo aje kwangu. Ninamsamehe, kwa sababu akifika hunisimulia yote, hata msumari upi umeingia vibaya.

Wako,
Ancha


Palma, 13 Julai 2025

Kaka Carimo,

Salamu kwako, na kwa wote wanaokujua huko. Huku tuko wazima. Baridi ya mwaka huu imezidi, asubuhi ninavaa koti la Jamaldine na linanifika magotini.

Judite amekwenda na kurudi, amekwenda tena na kurudi, mikono mitupu. Anasema barua yangu alikupa mkononi, ukaiweka mfukoni, ukamuuliza bei ya nazi.

Basi tulikaa, mimi na Jamaldine, tukafikiri. Mimi ndiye niliyesema, usimlaumu yeye. Nilisema, "Mimi nilipoulizwa kama ninakutaka, nilijibu nini?" Akasema, "Ulinyamaza." Nikasema, "Na ulinioa au hukunioa?" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akafikiri sana, akaenda kumuuliza mzee Mamudo wa msikitini, ambaye alisema kimya ni ridhaa. Sidhani kama tulimweleza vizuri kwamba tunazungumzia gari.

Kaka, ulinyamaza, tukajua umeridhia. Tumeitoa injini.

Ilichukua siku nzima na wanaume wa mtaa mzima na mti wa mkoko ulioegeshwa juu kama boriti. Ilipopanda ikaning'inia, ikazunguka taratibu hewani. Nilikuwa sijawahi kuiona. Miaka yote ile Baba akitupeleka Olumbi, sikujua tulikuwa tumekaa nyuma ya kitu kama kile. Jamaldine ameiosha kwa mafuta ya taa kila kona. Ilipowaka juu ya magogo, kwa betri ya kuazima, iliunguruma vilevile. Vilevile, kaka! Nililia, kisha nikaona haya nikasema ni moshi.

Imeshafungwa ndani ya boti pamoja na giaboksi yake. Bado propela, inakuja kutoka Mocímboa. Nikiwa peke yangu nyumbani huwa ninakwenda kuitazama. Nyumba sasa imetulia sana.

Furahi pamoja nasi.

Ancha


Mtwara, 27 Julai 2025

Ancha,

Mimi si mwari.

Mwari hunyamaza kwa haya, mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa sijajua la kusema. Mzee Mamudo aniozeshe na injini basi, alete na mashahidi. Umesoma mpaka décima segunda ukatoka na akili hiyo? Na huyo mumeo mwenye kufuta alama za vidole, alishindwa kuvuka mto aje aniulize usoni?

Sijakubali. Andika hivyo uelewe: sijakubali.

Nimeiacha barua hii tangu jana ili nisiendelee kukutukana. Sasa sikilizeni, kwa sababu mnaweza kuua watu.

Kwenye gari, shafti kazi yake ni kuzunguka tu. Kinachosukuma gari ni magurudumu, nayo yameshikwa na chesisi. Kwenye boti propela huzunguka na pia husukuma, na ule msukumo haubaki majini, unarudi na shafti mpaka ndani ya giaboksi. Giaboksi ya gari haikutengenezwa kusukumwa mgongoni. Mwanzo itavumilia, kisha italia, kisha itavunjika, na mtakuwa katikati ya maji mna abiria. Lazima katikati ya shafti kuwe na beringi ya kubeba msukumo, iliyofungwa kwenye mbao za boti na bolti nene, ili boti ndiyo isukumwe, si giaboksi.

La pili, rejeta haina kazi mle, hakuna upepo wa kuipoza. Lakini msitie maji ya bahari ndani ya injini, chumvi itaila. Tieni maji ya kisima, myapitishe kwenye bomba linalotoka nje na kupita chini ya boti, bahari iyapoze yakiwa ndani ya bomba.

Beringi hiyo sitaki muinunue kwa mtu asiyejua. Chukueni uzi. Zungusheni kwenye shafti mara moja, mfunge fundo. Kisha pimeni kutoka shafti mpaka mbao, fundo la pili. Niletee huo uzi. Rula ya shemeji siijui, lakini uzi ndivyo Baba alivyotufundisha kupimia.

Msiitie boti majini kabla ya hapo.

Barua yako haina salamu ya Mama. Kwa nini?

Carimo


Palma, 24 Agosti 2025

Kaka yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Assalamu alaykum.

Judite alikaa Namoto akiuguliwa na mwanawe, barua yako ikakaa naye. Imetufikia Jumatano. Boti tuliitia majini Jumatatu.

Nitakusimulia yote. Ufukwe wote ulijaa. Nilivaa ile nguo ya Iddi. Jamaldine aliponipa mkono nipande, watu wakapiga makofi kama harusi ya pili. Maneno yao sasa! "Jamaldine, tia gia ya nne, tushushe Olumbi!" "Boti ina honi hiyo?" "Konda yuko wapi? Mimi ninashuka kwenye kona!" Mzee Mamudo alisimama na fimbo yake akaomba dua, kisha akauliza usukani uko wapi. Tulitoka. Kaka, tulitoka kweli! Injini inanguruma, maji yanafunguka mbele, Jamaldine amesimama nyuma ananitazama mimi badala ya kutazama mbele. Nilifikiri, hapa ndipo mtu angeweza kufa na asijute. Nisamehe, ninajua unachukia maneno kama hayo.

Tulipoanza kugeuka, ikalia. Haikuwa injini. Ilitoka kwenye giaboksi, kama mbuzi. Jamaldine akazima haraka. Shafti ilikuwa imeingia ndani, na mafuta ya giaboksi yanatapakaa. Tulivutwa na watu wa mitumbwi, na wale wale waliotania hawakutania tena, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatano nilimsomea barua yako. Nilipofika kwenye "itavumilia, kisha italia" akainuka akatoka nje. Aliporudi alisema, "Kaka yako alikuwepo kwenye boti ile kuliko mimi." Uzi huu hapa. Amefunga mafundo mwenyewe.

Kuhusu Mama. Nilikuwa sitaki kukuambia, na yeye alinikataza. Mama hayupo nyumbani. Siku tulipofungua boneti tuitoe injini alisimama mlangoni akauliza, "Mnafungua mwenyewe hajaja?" Nilimweleza juu ya kimya chako. Hakubishana. Alikunja mkeka wake na kwenda kwa dada yake Olumbi, na bata akaenda naye ndani ya kapu. Hakuniaga kwa ubaya. Alisema tu hawezi kukaa akiangalia gari bila kichwa chake.

Kwa hiyo nyumba yote ni yangu. Jamaldine akiwa kazini ninaweza kuimba, na ninaimba. Ninapika chungu kidogo. Mchana ninasikia saa ya ukutani, ile niliyokuwa sijui kama inatoa sauti.

Sasa nikuambie jambo ambalo utaona la kijinga. Niliposoma "sijakubali" nilifurahi. Nilimwambia Jamaldine, "Amekataa! Umeona? Mtu anayekataza kitu chake bado anakitaka. Atarudi." Nilifurahi siku nzima, kwa kutukanwa.

Basi njoo uifunge hiyo beringi mwenyewe. Tutakupokea Namoto. Chumba kiko tayari, shuka ni mpya. Ukija, Mama atarudi siku hiyohiyo, ninamjua. Na niambie matofali yale ni ya nini. Hilo pia hukunijibu.

Ancha


Mtwara, 12 Oktoba 2025

Ancha mdogo wangu,

Waalaykum salamu. Beringi imo katikati ya mzigo wa vitenge. Judite amenilaani kwa Kimakonde kwa ajili ya uzito, na nadhani alifikiri sielewi. Nyumba ya kuishikilia beringi nilichonga kwa chuma cha ekseli ya lori. Uzi wa shemeji ulikuwa sahihi. Nyumba ya beringi nimeiacha na mashimo manne ya bolti. Zisifungwe kwenye ubao wa sakafu, zifungwe kwenye mti mkuu wa chini. Giaboksi msiinunue mpya. Ni beringi ya nyuma na sili tu zilizoharibika, nimezitia kwenye mfuko mdogo. Na kabla hajafunga, ajaribu shafti kwa mkono. Ikizunguka kwa vidole viwili, imenyooka. Ikitaka nguvu, alegeze, aanze upya, asione uvivu.

Mwambie sikumjua nilipomtukana. Mtu anayefunga fundo lile halegei.

Umeniuliza mara mbili matofali ni ya nini. Ni ya chumba. Nitalala humo.

Sirudi, Ancha.

Watu hudhani ninaogopa vita kurudi. Huenda, lakini si vile wanavyodhani. Mwaka juzi nilipokuja kuwaona, nililala katika chumba hicho unachokifagia. Pikipiki ikisimama nje barabarani, nilikuwa nimeshasimama wima nyuma ya mlango kabla sijaamka. Kila mara. Ilikuwa ni watu wa chapa tu, au mtu anaulizia nyumba ya jirani. Nilijua hivyo, na miguu haikujua. Huku pikipiki ikisimama nje, ninajua ni mteja, ninageuka upande wa pili ninaendelea kulala. Sina maelezo zaidi ya hayo. Mahali ninapolala ndipo nimeamua kuwa kwangu. Na Baba yuko hapa, hana mwingine wa kumfukuzia mbuzi.

Sikukujibu mwanzo kwa sababu wewe uliomba injini, na mimi niliona unaniuliza swali jingine. Gari likiwa zima uani, naweza kusema nitarudi mwakani. Nimesema mwakani kwa miaka. Ningewapa injini, ningekuwa nimejibu.

Basi nimejibu. Injini ni yenu, wewe na Jamaldine, kwa moyo mweupe, na nimeandika kwa mkono wangu ili msihitaji fatwa ya mzee Mamudo. Bodi iliyobaki fanyeni mnavyotaka.

Mama nimejaribu kumwambia kwa simu. Kila nikianza, majirani wananipa pole ya kazi. Mwambie wewe, kwa namna unayojua.

Kaka yako,
Carimo


Palma, 23 Novemba 2025

Kaka Carimo,

Assalamu alaykum wa rahmatullah. Mvua za kwanza zimeanza. Sisi ni wazima, na Mama anakusalimu. Safari hii ni salamu ya kweli, ameitoa akiwa hapa ubavuni pangu, anachambua mchele.

Beringi imefungwa. Shafti ilizunguka kwa vidole viwili, kisha Jamaldine akaniambia nijaribu mimi, ikazunguka kwa kidole changu kimoja. Boti inakwenda, kaka. Inakwenda visiwani na kurudi, inabeba mabati, mchele, mabibi harusi, na juzi ilibeba meza nzima ya shule na mwalimu juu yake. Hailii. Wale wa ufukweni wamerudia utani wao, wanampigia Jamaldine mruzi, "Shusha!" na yeye anawajibu, "Hakuna kituo!" Ningekuwa bado ninaandika kama nilivyoandika Aprili, ningejaza kurasa juu ya namna anavyorudi na chumvi kwenye nyusi. Ninampenda vilevile, na zaidi. Ila barua yako nimeisoma sana na imenipunguzia maneno.

Nilikwenda Olumbi kumfuata Mama. Nilimsomea barua yako tukiwa nyuma ya nyumba ya mama mkubwa. Nilisoma beringi, bolti, na kwamba injini umetupa. Nilipofika kwenye habari ya chumba nikaruka, nikasoma jina lako pale mwishoni. Mama akasema, "Soma na ulichoruka."

"Hakuna nilichoruka, Mama."

"Ancha. Macho yako yameshuka na mdomo haukushuka."

Nikasoma. Niliposoma habari ya pikipiki alishika goti lake kwa mikono miwili. Hakulia. Aliuliza, "Anajenga chumba kimoja?"

Nikasema ndiyo, chumba.

"Mwambie aongeze cha pili. Chumba kimoja ni cha mpita njia. Upande ule nina mume na mtoto aliye peke yake. Upande huu nina mtoto mwenye mume. Hesabu hiyo hata bata wangu anaijua."

Nilicheka, kwa sababu alitaka nicheke. Tulirudi wote Palma kwa chapa. Usiku ule nilipika chungu kikubwa kwa mazoea ya zamani, tukashindwa kukimaliza.

Amekuja kufunga vitu, kaka. Hakuja kukaa. Ananionyesha kila kitu kilipo kana kwamba mimi ni mgeni: kibao cha mbuzi hiki, ungo huu, funguo ya sanduku hii hapa. Vijana wa mtaa wameliburuta bodi la gari hadi kwa muuza vyuma. Mama alisimama kulitazama mpaka lilipokata kona, akageuka akaniuliza kama nimeanika mihogo. Jamaldine amekuwa akitembea taratibu humu ndani kama mtu aliyevunja kitu. Jana aliniambia, "Tungetaka tungeirudisha injini kwenye gari." Nikamwambia hakuna gari. Akasema, "Ninajua. Nimesema tu ili uwe umeambiwa."

Mwari nilikuwa, nikaolewa, na nilijua mwanamke wa kwetu haondoki kwao. Mume ndiye anayehama. Sikujua kwamba wengine wote wanaweza kuhama wakaniacha mimi nimekaa palepale. Si lawama. Ningekuwa ninakulaumu ningepiga simu, tena kwa spika.

Karatasi za kuvukia Jamaldine ameshazifuatilia. Tutakuja kwa boti bahari ikitulia, mwezi ujao inshallah, na mkeka wa Mama, masufuria yake, kitanda chake kimefunguliwa vipande, na bata. Tuambie tukaribie upande gani wa Mikindani pasipo na mawe. Jamaldine anataka uisikilize injini mwenyewe, ameogopa kuniambia nikuombe, kwa hiyo ninakuomba mimi.

Yeye anasema ni vizuri kugeuza palepale maji yakiwa yamejaa, tukishamshusha Mama na mizigo. Ndivyo alivyozoea kwenye chapa, dereva hazimi. Nimemwomba tukifika azime kabisa, atie nanga, anawe mikono, tukae kwako mpaka tufukuzwe. Sitaki tuonekane tumekuja kushusha abiria.

Mdogo wako,
Ancha